Mluzi wa Wodi ya Watoto

Siku ya kwanza Bibi alipomwona Daktari, hakumpenda hata kidogo. Wakati huo alikuwa nesi kijana wa wodi ya watoto, aproni yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, na aliamini kuwa hospitali ni mahali pa kunong'ona. Basi asubuhi moja akasikia mtu anakuja na mluzi, tena mluzi wa dansi. Kuchungulia, akaona daktari mpya, mrefu kama mlingoti, koti jeupe limeishia juu ya magoti, anawapungia wagonjwa mkono kama bwana harusi. Akamweleza kwa heshima zote kwamba wagonjwa wanahitaji utulivu. Daktari akamjibu kuwa watoto wakimsikia tangu mbali, hawatashtuka akitokea na sindano. Jibu lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jina la Daktari Mluzi likamganda tangu siku hiyo.

Haukupita muda, mama mmoja akamleta binti yake mdogo aliyejitia harage puani. Muuguzi mkuu, mama wa miwani aliyepita wodini kama anakagua gwaride, alikwisha kuandaa koleo na watu wa kumshika mtoto mikono na miguu, na mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Daktari akaviweka vyombo pembeni. Akamwelekeza mama amfunike mwanawe mdomo kwa mdomo wake, kama anayembusu, azibe kwa kidole lile tundu la pua lililo wazi, kisha apulize mara moja kwa nguvu. Muuguzi mkuu akainama auone upuuzi huo kwa karibu. Mama akapuliza. Harage likachomoka kama risasi, likagonga kioo cha miwani ya muuguzi mkuu, ti!

 Halafu kule pembeni, nesi yule asiyependa kelele akaangua kicheko, akacheka mpaka akashikilia ukingo wa kitanda asianguke. Maisha yake yote Daktari alisimulia kwamba yeye alioa kicheko kile, na mwenye kicheko akaja nacho kama nyongeza.

Yeye alimwita mkewe Sista, na mkewe alimwita Daktari, hata walipokuwa peke yao jikoni. Walipata mabinti watatu, wakaishi katika nyumba ya hospitali ambayo dirisha lake la jikoni lilitazama chumba cha upasuaji. Bibi hakuwa na haja ya kuuliza kazi imekwendaje. Aliusikiliza mluzi unaokatiza uwanja, akajua kama chakula kitaliwa au kitachokolewa tu.

Lakini maisha hayakuwa mchezo mtupu. Mwaka mmoja surua ikaingia. Watoto walilazwa wawili wawili kitanda kimoja, na wengine hawakurudi kwao. Daktari Mluzi akanyamaza. Kazi alifanya, ila akirudi alikaa sebuleni na viatu vyake miguuni akitazama ukuta. Bibi, ambaye naye alikuwa akiwafunika shuka watoto walewale, alijaribu supu, akajaribu kukaa kimya naye, wapi! Mwishowe, jioni moja akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azaliwe. Alitoa kichekesho.

"Daktari," alisema, amesimama wima kama anayetoa ripoti ya zamu, "kumbe kijiko kilikuwa bado kimo ndani ya kikombe."

Mume akamgeukia, asielewe.

"Yaani kuna mgonjwa," Bibi akaendelea. "Kila akinywa chai, jicho linamchoma. Lakini hiyo nadhani ilitakiwa itangulie."

Daktari akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Bibi akajua basi, amemliza mume wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka, na katikati ya kicheko akalia, kilio alichokibana majuma yote yale, na mkewe akapiga magoti akamfungua kamba za viatu. Asubuhi yake mluzi ukasikika tena wodini, mdogo na wa kusitasita, ila mluzi.

Alipostaafu, watu walidhani atatulia. Thubutu! Nyumba ilijaa wajukuu, na yeye ndiye aliyekuwa mtundu kuliko wote. Aliwafundisha kucheza karata, kisha akawaibia karata mchana kweupe. Akikaribia miaka themanini, akasikia wajukuu wanajifunza kuogelea, naye akajiandikisha, darasa lilelile la wanaoanza. Bibi alikaa kwenye benchi na taulo mapajani, akimtazama mumewe kavaa kofia ya mpira, amezungukwa na watoto wanaomfika kiunoni, ameng'ang'ania ukingo wa bwawa kama kupe.

Mwalimu alikuwa binti wa umri wa wajukuu zake wakubwa. "Babu, achia mikono," alimwambia. "Maji yatakubeba."

"Mwanangu," Daktari akasema, "miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu sindano haiumi. Leo ndiyo najua kwa nini walinikodolea macho vile."

Akaachia. Akazama kama jiwe, akaibuka anakohoa, kofia imemkaa sikioni, akauliza kama kuna aliyeona. Watoto wote walikuwa wameona, na wakamwambia hivyo. Akarudia. Miezi michache baadaye alikuwa akielea chali katikati ya bwawa, tumbo juu kama kisiwa, na Bibi pale kwenye benchi akawa anamwambia kila anayepita kwamba yule pale ni mume wake.

Aliishi hadi miaka tisini na ushee. Alifariki alasiri moja kwenye kiti chake, muda mfupi baada ya kumfunga mjukuu drafti na kumcheka. Hakuugua sana, na Bibi alishukuru kwa hilo, ingawa alimlaumu kidogo kwa kuondoka bila kuaga, mtu aliyekuwa na maneno mengi namna ile.

Siku ya mazishi watu walifurika mpaka nje ya lango. Kila aliyekuja kumpa Bibi mkono alikuwa na kisa chake, naye aliitikia kwa adabu, maana karibu vyote alivijua. Kisha akaja mzee mmoja mwenye magongo, dereva wa lori wa zamani. Akasema baada ya kukatwa mguu alikuwa amegoma kutoka kitandani. Daktari akamwambia washindane mbio ukumbini, dereva kwa magongo, Daktari akirukaruka kwa mguu mmoja.

Bibi akainua uso. Hicho hakuwa amekisikia. Akasogea, akampigapigia mzee nafasi kwenye kochi, akamwomba aketi.

"Nani alishinda?" akauliza.

"Yeye, mama," dereva akasema. "Lakini aliiba. Mguu wa pili aliushusha chini, nilimwona."

"Najua aliushusha," Bibi akasema, na machozi na kicheko vikamjia pamoja. Akamwagiza binti yake mkubwa alete chai, kisha akamgeukia dereva amweleze walianzia mlango upi, muuguzi mkuu alikuwa wapi, na Daktari alipofika mwisho alisema nini.