Mtoto Asiyeitika

Siku ile nyumbani kwetu Gwata, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: kitunguu na unga wa muhogo. Sikusoma sana, na mengine huenda nikayakosea, lakini hili nalikumbuka vizuri.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa akiitwa haitiki. Nawe wajua, kwetu mtoto wa kike akiitwa ajibu "Abee", tena upesi. Mama akamwona ana kiburi. Mwalimu naye akasema hivyo hivyo, mpaka baba akaamua amwachishe shule, abaki shambani. Siwalaumu. Ndivyo walivyolelewa, na mimi pia niliona wana haki.

Basi akaja shangazi yetu kutoka Kisarawe. Jioni, ugali ukiwa jikoni, akatufunga macho kwa kanga, akatuchezesha. Tukanusa kitunguu na ndimu. Tukapapasa unga na mchanga. Akatuambia tubane pua, akatulisha embe na papai. Mimi nikashindwa kujua lipi ni lipi. Zuhura alitushinda wote.

Kisha shangazi akatikisa kopo lenye punje za mahindi, tuonyeshe sauti inakotoka. Zuhura akaonyesha kulia. Likatikiswa kushoto kwake, akaonyesha kulia tena.

"Huyu anatutania," kaka yetu akasema. "Au kanga imembana akili."

Tukacheka. Shangazi hakucheka. Akainama kushoto kwa Zuhura, akamwita kwa sauti ndogo. Kimya. Akahamia kulia, akamwita vile vile.

"Abee, shangazi."

Mama akaacha mwiko kwenye sufuria.

"Wifi," shangazi akamwambia taratibu, "mtoto adabu anayo. Sikio hili la kushoto ndilo lisilomletea habari."

Asubuhi baba alimshika Zuhura mkono, akampeleka shule mwenyewe, akamwomba mwalimu amkalishe mbele, sikio la kulia limwelekee. Na shule akaimaliza.

Kwa hiyo, mwanangu, wanao wakirudi nyumbani na kazi ya milango mitano ya fahamu, usiwafukuze wakacheze nje. Toa makopo, toa ndimu na chumvi, kaa nao chini. Usiangalie mshindi tu, mwangalie na yule anayehangaika. Na mtoto asipokuitika, kabla hujamwita mkaidi, mwite kwanza kwa upande wa pili.

Mungu akupe subira kama ya shangazi yangu, na wanao wakuitikie mpaka uzeeni. Amina.