Uso wa Kuazima

Mjukuu wangu amebeba jina langu. Kwetu sisi Wakikuyu mtoto akipewa jina la nyanya yake, si jina tu, ni nyanya amerudi akiwa mdogo. Mama yake, ambaye mimi ndiye niliyemzaa, humwita "maitu", yaani mama yangu. Kwa hivyo ukimtukana huyo msichana umenitukana mimi, na mimi situkanwi bure.

Ni mweusi. Mweusi kama mimi, kama chungu kilichopikiwa githeri miaka mingi. Na sauti anayo. Akiimba harusini huko Ruiru, hata wanaopakua chakula husimama mwiko ukiwa hewani.

Mwaka huu akapata kijana wa kamera wa kumtengenezea video ya wimbo wake. Akanipigia simu nikiwa kwangu Gatuanyaga, nikapiga kelele za furaha mpaka mbuzi wakakimbia. Halafu akashusha sauti.

"Lakini shosho, sauti itakuwa yangu, uso utakuwa wa mwingine. Wametafuta msichana wa rangi ya thao."

Hiyo ndiyo lugha yao. Ukiwa mweupe, wanakufananisha na noti ya elfu moja. Mimi sijui nafanana na pesa gani. Na tena alikuwa ameambiwa kwamba wimbo wa pili anaweza kutokea mwenyewe, mradi ajing'arishe ngozi kidogo.

Sikutulia. Nikaanza kupalilia mahindi, nikaacha jembe katikati ya mstari. Nikaenda kuchota maji, nikaacha mtungi njiani. Kesho yake nikapanda nduthi, pikipiki ya abiria, na mavumbi yake yote, nikafika kwake Ruiru na mfuko wa maharagwe. Kabla hata ya chai nikaona mkebe dirishani. Krimu nyeupe, mkebe hauna maandishi, unanuka kama dawa ya kuoshea choo.

"Hii ni ya nini?"

"Sijaipaka bado, shosho."

"Bado! Unangoja mvua inyeshe?"

"Keti basi. Unanizungusha kichwa."

Sikuketi. Nilishika ufagio nikafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Nikamwambia kwamba Mungu hakuishiwa na rangi alipomuumba. Nikamwambia wasichana wa siku hizi wanajichuna ngozi kama mbuzi wa Krismasi. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anakata mboga za sukuma wiki. Akaweka kisu chini.

"Ni wewe ulianza, shosho."

"Mimi?"

"Harusi ya aunty. Ile gauni ilishonwa kwa vipimo vyangu."

Nikaketi.

Alikuwa na miaka saba. Yeye ndiye alikuwa arushe maua mbele ya bibi harusi. Asubuhi ile mtu wa video akaja, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema huyu kwenye picha hataonekana, yataonekana meno peke yake. Nikamvua gauni. Nikamvalisha binamu yake mweupe, ambaye alikuwa mnene, zipu ikakataa, tukamfunga pini mgongoni. Mjukuu wangu nikampa birika na beseni awanawishe wageni mikono. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Miaka yote hii nilidhani alisahau, kwa maana alinawisha vizuri sana.

Mimi sijazoea kumwomba mtoto msamaha. Nikimkosea namchinjia kuku, anakula, maneno yameisha. Sasa huko Ruiru kuku ningemtoa wapi? Nikamwambia tu, "Nilikukosea."

"Nimesikia," akasema, akarudi kwa sukuma.

Siku ya kupiga video nikaenda naye. Ilikuwa katika boma la mtu lenye maua mazuri. Kijana wa kamera aliponiona akafurahi.

"Shosho! Wewe pia tutakutumia. Uko na sura ya ushago safi, ile ya kijijini. Utapita hapo nyuma na kuni."

Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kanisani. Nikamwambia, "Kuni nimebeba miaka hamsini bila kamera. Leo beba wewe."

Yule msichana mweupe hakuwa mtu mbaya. Lakini wimbo ni wa Kikuyu, na yeye Kikuyu hajui hata neno moja. Waliangalia ngozi, wakasahau ulimi. Sauti ikisema hivi, mdomo wake unasema vile, kama mtu anayetafuna mua. Basi kijana akamwambia mjukuu wangu achuchumae mbele, chini ya kamera, aimbe kwa midomo, yule mwingine aige. Akachuchumaa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mimi nimezunguka lile boma, siwezi kusimama mahali pamoja. Mara ya tatu akainuka, akajipangusa magoti.

"Wimbo ni wangu. Ama uso wangu, ama hakuna video."

"Msupa, uko mrembo, lakini taa zangu haziwezi kukutoa kwenye picha."

"Basi taa zako ni mbovu."

Kijana akaenda kando kupiga simu. Alirudi, akaanza kukunja waya zake. Msichana mweupe akaja akanisalimia kwa mikono miwili, akasema pole, akaenda.

Tukitembea kurudi barabarani, mjukuu wangu akaniuliza, "Umefurahi sasa, shosho?" Alikuwa analia. Si mimi niliyepoteza video.

Video haijatoka hadi leo. Anaimba tu harusini. Ule mkebe anasema alitupa, lakini mimi sikuuona ukitupwa. Namwamini siku mbili. Siku ya tatu nashika kitu, naweka, nashika kingine, nampigia.

"Sijapaka, shosho."

"Nani amekuuliza?"

"Wewe. Umenyamaza kwanza."

Tunacheka. Na Jumamosi naenda Ruiru bila kumwambia, kwenye harusi ya watu nisiowajua, nasogea mbele mpaka pale anaposimama, nimwangalie shingo na mikono.