Hasira ya Pojo

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba kununa kwangu kunaweza kumuua mtoto wa jirani. Msinicheke. Watu wazima wa kwetu waliamini hivyohivyo, na walikuwa watu wa kanisa, wenye Biblia kabatini na viatu vya Jumapili.

Tuliishi ukingoni mwa Voi, upande wa barabara ya Taveta, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Babu na nyanya waliteremka kutoka Chawia kabla sijazaliwa, maana mashamba ya milimani yalikuwa yamegawanywa mpaka mengine hayatoshi hata kuku kuparua. Huku tambarare kulikuwa na joto, nyoka na ndovu, lakini ardhi ilikuwepo. Babu alipofariki, nyanya aliendelea kulima mahindi na kunde zake na kufuga mbuzi kana kwamba hakuna mkono uliopungua. Mimi nililelewa naye, na sikuwa na haraka yoyote ya kurudi kwa wazazi wangu. Mji tuliuona kwa mbali, mabati yaking'aa, na kila mwaka mabati yale yalitusogelea.

Mwaka ule nyanya alinipimia kipande changu mwenyewe, hatua kumi kwa hatua sita. Nikapanda pojo, zile ambazo wengine huziita ndengu. Nilizipalilia mwenyewe, nikawafukuza ndege kabla ya kwenda shule, na zilipoanza kubeba niliwachosha wenzangu darasani kwa kujisifu. Nikijikumbuka nilivyokuwa, nadhani sijawahi tena kumiliki kitu kwa moyo wangu wote namna ile.

Kumbe kipande kile hakikuwa chetu. Kilikuwa katika fungu la ndugu wa babu aliyekaa Mombasa, naye alikuwa ameliuza fungu lake bila kumwambia nyanya hata neno moja. Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta lori limemwaga mawe ya kujengea juu ya pojo zangu, zimebaki siku chache tu zivunwe. Nyanya alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Mimi sikulia. Nilinuna, na niliendelea kununa mpaka nyumba ikajengwa, ikapigwa chokaa, na wenyewe wakahamia.

Walikuwa watu wa pwani. Mume alikuwa fundi wa reli, mke aliitwa Bi Zainabu, na walikuwa na mtoto mmoja mchanga, Swaleh. Jambo la kwanza walilofanya ni kuzungusha seng'enge kiwanja chao chote, na seng'enge ile ikakata njia yetu ya kwenda mtoni. Nyanya na mtungi wake ikabidi azunguke mpaka barabarani. Jambo la pili, mbuzi wetu mmoja aliyepenya alirudi anachechemea. Tukawa tunaishi karibu kiasi cha kusikia wakikohoa, lakini salamu hakuna.

Sasa lazima nieleze imani yenyewe. Kwetu Wadawida, yaani Wataita wa milimani, hasira ya mtu aliyekosewa haikai moyoni bure. Hata asipoapiza, hata asipofungua mdomo, itatoka yenyewe imtafute mkosaji, na pengine itamkosa yeye imshike mwanawe. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira huchukua maji au pombe ya miwa mdomoni, akaipuliza nje, akatamka mbele ya watu kwamba ametoa yote na anawatakia heri.

Swaleh alipougua, homa ilimshika siku ya tatu, ya nne, ya tano. Ndipo asubuhi moja Bi Zainabu akasimama mlangoni kwetu, buibui limejaa vumbi, maana hata yeye alikuwa amezunguka barabarani.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu."

"Mwanangu hali yake si nzuri, bibi. Hospitali tumekwenda mara mbili. Dawa azitapika zote. Nimeambiwa nije kwako, kama lipo tulilokukosea utuwie radhi."

Nyanya hakuwa mtu wa kuzungushazunguka maneno. "Kukasirika nimekasirika, sifichi. Hiyo njia mlifunga ndio ya kwenda mto. Na mbuzi yangu mkapiga mawe."

"Tulifunga kwa kuogopa nyoka. Hatukujua kuwa ni njia ya watu."

"Sasa mmejua. Lakini mtoto hakufunga njia." Nyanya akainuka kuchukua kata. Bi Zainabu akamfuata kwa macho, akasema kwa haya kwamba kama ni pombe, dini yao haiwaruhusu. "Maji inatosha," nyanya akamjibu. "Mungu si mlevi."

Akapuliza maji pale mlangoni mara tatu, akisema hasira na itoke, mtoto na apone, anyonye, acheze. Matone yalimwangukia mgeni wetu usoni, na nilimwona akijikaza asijifute. Kisha nyanya akanigeukia mimi. Kila mwenye kitu moyoni katika nyumba ile alitakiwa atoe, na yeye alijua fika kwamba ninacho.

Nilichukua maji mdomoni. Nikakumbuka rundo la mawe. Pojo zilishakwenda, kipande kilishakwenda, na hasira peke yake ndiyo iliyobaki kuwa yangu; kwa nini niitoe na hiyo? Nikainamisha kichwa, nikayameza maji, nikatema mate kidogo, nikanong'ona maneno. Bi Zainabu akanishukuru kwa kunishika bega. Ule mkono ulinichoma siku nzima.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na nyanya alikuwa ameteremka mtoni. Nikasikia wanawake barabarani wakisema mtoto wa fundi amezidiwa, baba yake ameenda mbio kutafuta gari. Hakuna aliyejua ila mimi kwamba ndani ya nyumba yetu ilibaki hasira moja, na iko wapi.

Nilikimbilia mtungi, nikajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakafura, nikatoka. Ingawa kwa macho nyumba yao ilikuwa hapo tu, seng'enge ilinilazimisha kuzunguka barabarani, jua kali, na maji yakaanza kuwa ya moto kinywani. Nikakutana na mzee mmoja wa kanisa letu. "Hujambo, Mkawasi?" akaniuliza. Sikuweza kujibu, nikampita nimemkodolea macho. "Watoto wa siku hizi," nikamsikia nyuma yangu. Alinishtaki kwa nyanya baadaye, na ile fimbo niliikubali.

Mlangoni kwa Bi Zainabu nikakwama. Katika nyumba ya watu huingii bila hodi, na hodi sikuweza kuipiga. Nikasimama kizingitini, pumzi za puani zikipiga kelele, mpaka yeye mwenyewe akainua macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani, macho nusu wazi.

"Nani? Mbona huna kauli?"

Nikapuliza. Sikuwa na ufundi wa nyanya. Yalitoka kwa mkupuo mmoja, yakamwagika kwenye mkeka, kwenye leso yake na kwenye miguu ya mtoto. "Hasira na itoke!" nikapiga kelele. "Yote! Jana niliyameza!"

Bi Zainabu alisimama ghafla, mtoto mikononi, na nilidhani atanipiga kofi. Badala yake akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Una hasira na nani, mwanangu?"

"Na nyinyi."

"Tumekufanyiani?"

Hapo ndipo machozi yote niliyoyakataa tangu siku ya lori yalipokuja. Nikamwambia juu ya pojo. Ilibidi nirudie, maana kwikwi ilikula maneno. Alipoelewa, aliangalia sakafu ya nyumba yake, ile saruji mpya iliyosuguliwa ikang'aa, kana kwamba ataona majani yakipenya.

"Wallahi hatukujua," akasema. "Tuliambiwa ni mahame. Kumbe palikuwa na mwenyewe. Niwie radhi, Mkawasi."

Mtu mzima aliniomba mimi radhi, kwa jina langu. Nilisema nimemsamehe, na nilikuwa nimemsamehe kweli. Akanifuta uso kwa pembe ya leso ileile niliyoilowesha. Gari likafika, wakampeleka Swaleh hospitali, safari hii akalazwa na kudungwa sindano, na baada ya wiki nzima akarudi akiwa mwembamba na mwenye hasira za kutaka kunyonya. Nyanya alipoulizwa ni nini kilichomponya, alisema hajali, muhimu amepona.

Njia ya mtoni haikufunguliwa. Mume hakutaka, na nyuma yao wakaja wengine, kiwanja baada ya kiwanja, wenye kulalamikia harufu ya mbuzi na jogoo wanaowika alfajiri. Nikiwa sekondari, baba na ndugu zake walikubaliana kuuza kilichobaki, na nyanya akafungiwa vitu vyake arudishwe Chawia. Kati ya majirani wote ni Bi Zainabu peke yake aliyekuja kumuaga. Alilia. Akasema, "Sisi ndio tuliotangulia kukutoa, bibi."

Nyanya akamshika mkono. "Lakini wewe ulikuja ukauliza," akamwambia.

Watoto wangu wamesoma, na nikiwasimulia huniuliza kama bado ninaamini kwamba hasira yangu ndiyo iliyomlaza Swaleh. Sijui. Najua kwamba imani ile ilimleta mwenye nyumba ya mawe mpaka mlangoni kwa mwenye jembe, ikamchuchumaza mbele ya mtoto, na mpaka leo sijaona jambo jingine lenye nguvu hizo. Namkumbuka nyanya kwa mapenzi, na namkumbuka Bi Zainabu kwa mapenzi yaleyale.

Mimi mwenyewe nilijenga Mtwapa, huko pwani, nilipopata kazi. Kiwanja nilionyeshwa kikiwa na mihogo, mistari minne, imepaliliwa vizuri. Mafundi waliing'oa siku ya kwanza, na sikuuliza ilikuwa ya nani.