Mkono Usiofika Mdomoni

Mafuta ya nazi yakichemshwa na karafuu hutoa harufu inayoingia hadi kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Chumba cha bibi yangu pale Majengo kilinuka hivyo mwaka mzima, kiangazi na masika. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na katikati ua mdogo ambako wapangaji wote walipikia. Asubuhi moshi wa makaa ulipanda, mama yangu akikaanga mahamri ya kuuza, na juu ya yote hayo ilielea ile harufu ya karafuu. Watu wa mtaa walijua ukiifuata utafika kwa Bi Mwanakombo mkandaji. Alikanda wanawake waliotoka kujifungua, wapagazi waliotegua migongo, wazee waliolala vibaya wakaamka na shingo imekwenda upande. Alikuja Nairobi kutoka pwani akiwa msichana, na kazi hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Hakusoma hata herufi moja. Lakini alikuwa akikushika begani, anafumba macho, anakwambia, "Uliinua kitu kizito juzi, mkono wa kushoto," na ilikuwa kweli. Alisema mikono yake inaona. Nami niliamini, na bado naamini iliona mengi.

Nina gorofa mbili Huruma, nimezijenga kwa kuuza nguo kuukuu Gikomba, na shule niliishia darasa la pili. Nalisema hili mapema ili asije mtu akafikiri natafuta kuonewa huruma. Nataka kueleza habari ya mkono wangu wa kulia, na mfungo mmoja wa Ramadhani katika ile miaka ya hamsini, wakati askari walipofunga barabara, na lazima mtu mzima wa kwenu aonyeshe karatasi zake kabla hujavuka kwenda mjini.

Nilikuwa na miaka minane. Niliteleza kwenye sakafu ya bombani, pale wanawake walipofulia, nikiwa na debe la maji kichwani. Sabuni ilikuwa imetanda kama mlenda. Debe lilikwenda zake, mimi nikaangukia kiwiko. Sauti niliisikia kabla ya maumivu. Hospitali kubwa ya serikali walinipasua, wakafunga mfupa kwa waya, wakanitia plasta kutoka begani hadi kwenye vidole. Wiki zote hizo mama alinilisha kwa mkono wake kama kifaranga. Plasta ilipokatwa nilitoa mkono mwembamba, mweupe kwa vumbi la chokaa, uliokauka umenyooka kama mwiko. Niliuambia upinde. Ukakataa.

Hapo ndipo nilipopelekwa kwenye chumba cha mazoezi. Kilikuwa mwisho wa ujia mrefu, kina kamba zinazopita kwenye kapi, vifuko vya mchanga, na ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Wagonjwa tu ndio walioingia. Mama alibaki nje kwenye benchi. Aliyekuwa akinishughulikia ni dresa, msaidizi wa daktari, Mkamba mmoja, Bwana Mutiso, mtu wa maneno machache, shati lake limepigwa pasi hata lingeweza kusimama peke yake. Hakunivuta wala hakunikanda. Alinitumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto, akanikalisha mbele yake, akatazama gauni langu. Lilikuwa na vifungo vinne kifuani.

"Mtoto, gusa kifungo cha chini," akasema.

Nikagusa.

"Sasa cha pili."

Kidole kilikwama njiani. Nikamwambia kinauma.

"Kuuma kidogo ni sawa. Wewe mwenyewe peleka, hesabu kumi, rudisha. Wiki hii kifungo cha pili, wiki ijayo cha tatu, halafu cha nne. Halafu kidevu. Halafu mdomo. Lakini sikiza." Akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Mtu hapana vuta huu mkono. Hapana kanda hapa kwa kiwiko. Baba, mama, nani, hapana. Ukivutwa, mfupa utaota ndani ya nyama, na hautakunjika tena. Kwenu kuna mtu wa kukanda?"

"Bibi yangu."

"Basi kwa huyo hasa. Utamwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nalisema hili wazi kwa sababu nimelikwepa maisha yangu yote: nilielewa.

Nyumbani bibi aliuliza, "Wamesemaje hao?" Nikajibu, "Wamesema nifanye mazoezi." Nikakomea hapo. Ningemwambiaje Bi Mwanakombo kwamba kijana wa bara mwenye shati la serikali amesema asimguse mjukuu wake? Kwetu hayo yangekuwa matusi, na mimi ndiye ningekuwa nimeyabeba hadi nyumbani. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ilikuwa Idi.

Kwetu wasichana na wanawake walikula pamoja kwenye sinia moja, na mkono wa kulia ndio mkono wa chakula. Wa kushoto una kazi yake chooni, kila mtu anaijua. Mfungo ulikuwa umeanza, na kila magharibi, futari ikitengwa, nilikaa na mkono wangu wa mwiko nikitazama matonge ya wenzangu yakipanda. Nilichoweza ni kuuegemeza mkono kwenye sinia na kuinamisha kichwa chote kuufuata. Binamu yangu Rukia, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, alikuwa na ulimi kama wembe. "Jamani, tazameni, Zena anakunywa wali!" Wote wakacheka. Siku moja, kwa njaa na hasira, nilipeleka mkono wa kushoto. Rukia akaupiga kofi. "Toa! Mkono wa chooni huo, unatutilia najisi!" Shangazi akamkemea, lakini akavuta upande wake wa sinia kidogo, kidogo tu. Nikaona.

Siku ya Idi shangazi zangu wote wangekuja, na majirani, sinia kubwa lingetandikwa uani. Nilihesabu vifungo. Vilikuwa vimebaki viwili, kisha kidevu, kisha mdomo. Kwa mwendo wa Mutiso Idi ingenikuta bado kifuani. Bibi naye alihesabu kwa njia yake. Usiku mmoja wa kumi la mwisho baada ya futari aliniita, akaniweka katikati ya magoti yake, akasema, "Hawa watu wanakuchezesha kama mwanasesere. Kumi, kumi, kumi. Mimi nitakupa mkono wako kabla ya mwezi kuandama. Unataka?"

"Nataka, bibi."

Hilo ndilo jibu langu. Sikushikwa kwa nguvu.

Alipaka mafuta ya moto, akafunga chumvi iliyochomwa ndani ya kitambaa akanikanda nayo, kisha vidole gumba vyake vikazama kwenye kiwiko. Mwanzo ilikuwa tamu. Baadaye akashika kiganja, akaegemeza goti lake kwenye mkono wangu wa juu, akasema, "Toa pumzi, mwanangu. Toa yote." Akavuta. Nililia hadi wapangaji wakatoka milangoni. Lakini alipoachia, kidole changu kilikuwa kwenye kifungo cha nne. Akapiga kigelegele peke yake. Mama akasimama mlangoni na mikono yake ya unga, akasema, "Alhamdulillahi." Mimi mwenyewe, huku makamasi yananitiririka, nilicheka. Nilikuwa nimeruka wiki mbili kwa kikao kimoja.

Tulifanya hivyo siku sita. Siku ya tatu kiwiko kilivimba na kuwa cha moto, ukiweka kiganja juu unasikia kama sufuria iliyotoka jikoni. Bibi akasema ni ugonjwa unatoka. Siku ya tano kidole kilirudi kwenye kifungo cha tatu. Akaongeza nguvu. Siku ya sita hakikufika hata cha pili, na chini ya ngozi, mbele ya kiwiko, palikuwa na kitu kigumu kama kokwa. Bibi alikigusa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Safari hii hakusema mikono yake imeona nini.

Idi ilikuja. Nilikula kwa kuinama, kwenye sahani yangu peke yangu, karibu na mlango wa chumba chetu. Rukia hakunitania siku hiyo, na hilo liliniumiza kuliko utani wake.

Baada ya sikukuu bibi alivaa buibui lake jipya akasema atanipeleka hospitali mwenyewe, amwone huyo dresa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliingia chumba cha mazoezi kama anaingia nyumbani kwake. Mutiso alinishika mkono, akaupindisha kidogo sana, akaacha. Akanituma kupigwa picha. Picha iliporudi aliishikilia dirishani, akamwonyesha bibi wingu jeupe mbele ya kiwiko, mahali palipopaswa kuwa na nyama tu.

"Mfupa umeota," akasema. "Mama mzee, nani alivuta huyu mtoto?"

"Mimi," bibi akasema, kichwa juu. "Ni mjukuu wangu na ni kazi yangu. Nimenyoosha watu kabla wewe hujazaliwa."

"Lakini nilikataza. Nilimwambia mtoto aseme nyumbani."

Bibi akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile, si kwa hasira. Alikuwa akiomba nimjibu. "Alikwambia, Zena?"

Nikasema, "Hapana. Hakuniambia."

Mutiso alinitazama nami nikatazama vifuko vya mchanga. Angeweza kuniumbua pale pale. Alikuwa mtu wa kazi, jina lake lilikuwa kwenye mizani mbele ya daktari mzungu aliyekuwa akiandika kwenye meza ya pembeni. Akaishusha ile picha polepole, akasema, "Pengine sikusema vizuri. Kiswahili changu ni cha bara, mama. Labda mtoto hakusikia. Samahani."

Bibi akanishika mkono wa kushoto, tukatoka. Njiani askari walipotusimamisha aliwaonyesha karatasi zake. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani na buibui lake. Kesho yake alikuja mwanamke aliyejifungua siku saba nyuma, amebebwa na dada zake, anahema kwa maumivu ya nyonga. Bibi alimtazama akasema, "Nendeni kwa mwingine. Mimi sikandi tena." Wakadhani anadai bakshishi zaidi. Wakamsihi. Akaficha mikono chini ya mapaja yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, akatikisa kichwa. Hakumkanda mtu mwingine yeyote hadi alipokufa, na alikufa baada ya miaka sita. Zile shughuli zake zote, zile sifa, watu kumwamkia barabara nzima, vilikwisha kwa siku moja. Watu waliposema amemlemaza mjukuu wake mwenyewe, aliitikia.

Shule sikurudi, muhula ule ulikatika na hakuna aliyenirudisha. Mkono ulijifunga katikati, haunyooki wala haukunjiki, na hadi leo tonge nalifuata kwa shingo. Nimebeba marobota ya nguo kwa mkono huo. Nimewafukuza wapangaji wakorofi kwa mkono huo. Walioniuliza umekuwaje niliwajibu, "Bibi yangu, alikuwa mkandaji." Wanatikisa kichwa, wanasema wazee wa zamani walikuwa na ujinga mwingi. Nami nawaacha waseme.

Mwaka jana mjukuu wangu Hamisi alikatika mshipa wa goti akicheza mpira kule Mowlem. Akapasuliwa, na baadaye nikawa naye kwa hawa wa mazoezi ya viungo, wanaoitwa fizio. Chumba kina vioo, mashine, mipira mikubwa ya rangi. Binti mmoja mwenye raba nyeupe alikuwa akimsimamia. "Pinda mwenyewe, champ. Sikusukumi." Hamisi akalalamika, "Si unaniua, madam." Alipomaliza alimpa karatasi yenye picha za mazoezi, kisha akampigia simu mama yake Hamisi hapo hapo, akamweleza neno kwa neno asikandwe wapi na asivutwe na nani. Hakumwachia mtoto abebe ujumbe. Nikakaa pale nikawaza jinsi jambo dogo hivyo lingetosha.

Yule binti akauona mkono wangu. Akaomba kuupima, akauzungusha kwa adabu. "Nyanya, huu ulivutwa. Siku hizi tungejaribu kuufungua. Nani alikufanyia hivi?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Nilikatazwa nisivutwe, nikaambiwa nikaseme nyumbani. Sikusema. Halafu nikaulizwa, nikakana."

Hamisi akaacha simu yake akanitazama.

"Ulikuwa mtoto, nyanya," binti akasema.

"Mtoto anajua."

Akaurudisha mkono wangu magotini. "Na bibi yako, alikuja kujua?"

"Hapana," nikamwambia. Miaka sita tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani na mimi upande wa mlango, na kila siku ya miaka hiyo ningeweza kumwambia.