Mbwa Aliyelia Mlangoni kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu Singe, mbwa wetu aliuawa kwa kosa la kulia mchana. Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na kamba ya mbwa ilikuwa mkononi mwangu. Wako ndugu zangu wanaoisimulia habari hii misibani na kuikosea kila mahali. Mmoja wao wakati ule alikuwa bado ananyonya. Msiwasikilize.

Mbwa aliitwa Diwani. Jina nilimpa mimi, kwa sababu hakuweza kumwona mtu akapita bila kumhutubia. Alikuwa na rangi ya udongo, mkia umejikunja, ncha ya sikio moja imekatwa kama walivyokatwa mbwa wa siku zile ili wawe wakali. Na mimi nikaongeza dawa yangu. Watoto wa Singe wote tulijua kwamba mbwa akila nyigu anakuwa mkali kama nyigu mwenyewe. Nilikamata wawili, nikawaficha ndani ya tonge la ugali, nikampa. Alivimba mdomo siku mbili. Baada ya hapo, uniamini usiniamini, alilibwekea trekta lililokuja kulima kwa jirani mpaka dereva akazima injini, akaomba kwa heshima zote mbwa afungwe. Shuleni nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha kiangazi kikaingia, na Diwani akabadilisha sauti. Haikuwa kubweka tena. Saa nane mchana, kuku wamejilaza kivulini, yeye anakaa chini katikati ya uwanja, ananyoosha shingo kuelekea mlango wa Bibi, anatoa sauti moja ndefu inayopanda halafu inakatika. Anatikisa kichwa. Anaanza tena.

Bibi alikuwa mama yake Baba, mzaliwa wa upande wa Hanang, na alikaa chumba cha mwisho chenye mlango wake. Alikuwa anakohoa tangu mavuno. Aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu, na alinifichia maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake. Bibi akisema jambo na mwalimu akasema lingine, mimi nilikuwa wa Bibi.

Aliyeanza ni jirani yetu, Mama Neema. Alisimama kwenye ua wa minyaa, beseni kichwani.

"Baba Safari! Huyo mbwa wako anamwita mtu."

"Anamwita nani?" Baba akauliza.

"Mimi nitajuaje? Angalieni anaelekea wapi."

Likapatikana jibu papo hapo: mlango wa Bibi.

Kwetu jambo hilo halikuhitaji kufundishwa. Mbwa akilia hivyo bila kuona mtu wala mnyama, anaona kinachokuja, na nyumba anayoielekea ndiyo itakayotandikwa mikeka ya msiba. Bibi aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, hakushtuka.

"Mbwa hajui kudanganya, mume wangu," akaniambia baadaye. "Anasema anachokiona."

Baba akampiga Diwani, akamfunga kwa mnyororo mfupi nyuma ya jiko. Leo ninajua kwamba mbwa anayefungwa kutwa kucha analia zaidi. Baba yeye aliona ni ukaidi, kana kwamba kuna kitu kimemwingia, akafupisha mnyororo tena.

Mimi ndiye niliyempelekea makombo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Alikuwa anajikuna sikio lile lisilokatwa kwa mguu wa nyuma mpaka ananguruma. Nililigusa, lilikuwa la moto, na linanuka kama maziwa yaliyoharibika.

"Baba, Diwani anaumwa sikio."

Baba alikuwa ananoa jembe. "Mbwa anaumwa sikio?"

"Linanuka."

"Na wewe miguu yako inanuka. Tukupeleke wapi?"

Mama akacheka kule jikoni. Nilirudi kwa Diwani nikamwambia mambo yamegonga mwamba.

Kikohozi cha Bibi kikazidi. Akaacha kutoka nje. Alhamisi moja jioni Baba akaniita kwa ile sauti aliyokuwa anaitumia kwa wageni.

"Safari. Jumamosi bwana mifugo anakuja kuchanja mbwa pale kwenye josho la ng'ombe. Mpeleke Diwani. Ataangalia na hilo sikio lako."

"Kweli, Baba?"

"Nimeshaongea naye."

Na kweli alikuwa ameshaongea naye. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikiwa na mvi. Kama ningeweza kumshika Baba kwa uongo, ningekuwa na pa kumshikia.

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka chumbani, mara ya kwanza wiki hiyo. Alikuwa na kipande cha nyama. Bibi hakuwahi kumpa mbwa chakula kwa mkono wake, alisema mbwa huuzoea mkono akakosa adabu. Siku hiyo aliinama, akamlisha.

"Nenda naye taratibu, mume wangu," akasema. "Msikimbie njiani."

Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo hata Bibi amempenda.

Pale joshoni palikuwa na mbwa wengi na vumbi. Wafugaji walikuja na mbwa wao wembamba wa machungani, watoto tulikuja na wetu, kila mmoja anamsifia wake. Diwani, mhutubiaji wa Singe nzima, alikaa ameniegemea mguuni, kimya. Bwana mifugo alikuwa mtu mrefu, kavaa buti za mpira.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Kwa Baba Safari. Mimi ndiye Safari."

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Ahaa. Ndiye huyu." Akatutoa kwenye foleni, akatupeleka nyuma ya ukuta. "Mshike kichwa. Anakuamini wewe."

Nikamshika. Nikamwambia, "Tulia, Diwani. Chanjo tu." Sindano ikaingia. Nikasubiri aruke kama walivyoruka wenzake. Kichwa chake kikawa kizito mikononi mwangu, kikaendelea kuwa kizito.

"Bwana mifugo, mbona haamki?"

"Baba yako hakukuambia?"

Alichuchumaa, akalifunua lile sikio. Kupe walikuwa wamejazana mpaka ndani kabisa, na usaha nyuma yao.

"Kumbe," akasema. "Dawa ya hii ninayo kwenye mkoba."

Nilirudi na kamba tupu. Baba alikuwa ameenda mnadani, au alisema ameenda. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake. Sikumpa shikamoo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulisema mbwa hajui kudanganya."

"Ndiyo maana niliogopa, mume wangu."

Akaninyooshea mkono. Sikwenda. Maziwa yake sikuyanywa mpaka mvua zilipoanza, na hata hapo niliyanywa kwa sababu ya njaa.

Bibi alipelekwa hospitali, kikohozi kikaisha. Aliishi mpaka akawapakata wanangu wawili. Kila mwaka ulipopita, Mama Neema alimnyooshea kidole na kusema, "Mnaona? Tuliwahi." Mimi nilimtazama bibi yule yule na kuona kwamba hakukuwa na kifo chochote cha kuwahi. Ajuza mmoja, mzima wa afya, akawa shahidi wa pande zote mbili.

Sasa ninakaa Babati mjini na nina mbwa anayezichukia bodaboda. Majirani walilalamika, nikampakia kwenye bajaji kumpeleka kwa daktari wa mifugo, binti mdogo tu.

"Baba Rehema, unamfunga asubuhi mpaka jioni, ulitaka aimbe?" akaniambia. "Mfungulie azunguke uani, halafu umtembeze. Leo tumchanje. Nipishe kidogo nje."

"Sitoki. Anza na masikio."

"Masikio mazima, mzee. Ni chanjo tu."

"Nisomee hicho kichupa."

Shule yangu ni fupi na miwani niliisahau. Alinisomea, neno kwa neno, bila kucheka. Mungu ambariki. Nilimshika mbwa wangu kichwa, na alipoondolewa sindano akaruka, akataka kumng'ata. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Baba alifariki na hatukuwahi kulizungumza. Nimeisimulia habari hii miaka mingi, na kila mara watu humlaani yeye, kisha humlaumu Bibi, kisha hunipa pole. Nimezipokea pole zote. Lakini ipo sehemu moja niliyoitunga, na sikuitunga leo. Diwani hakuwahi kulia akiuelekea mlango wa Bibi. Alilia akielekea popote maumivu yalipomgeuzia kichwa: jikoni, barabarani, juu. Siku ile Mama Neema alipotaka kujua anaelekea wapi, watu wazima wote walikuwa wamenyamaza wakisubiri, na mimi nilikuwa na miaka kumi, na hakuna aliyewahi kunisubiri niseme kitu. Nikanyoosha kidole.