Jani la Sale Mkononi mwa Mgeni

Nikiwa mdogo, tembo aliingia kwenye migomba yetu hapa Akheri. Alishuka kutoka msituni asubuhi, jua limeshatoka. Mama hakupiga kelele. Tulisimama tu, hata kuku walinyamaza. Sikuogopa, ni kitu kingine kilichonishika, jina lake silijui, shule niliiacha mapema. Ukimya ule nimeusikia tena mara moja tu, mwaka juzi, na hapakuwa na tembo.

Alikuja kijana mtengeneza filamu, mzaliwa wa Ulaya. Baba yake aliondoka hapa akiwa kijana, na hata mama yake mzazi alipozikwa hakuja. Sasa mtoto anauliza yeye ni wa wapi. Kiswahili chake kilichechemea, lakini shikamoo aliijua. Alitaka jambo moja: shangazi yake, jirani yangu, ampokee. Mama yule alishamfukuza mara mbili.

"Mwambie arudi huko kwenye theluji," aliniambia. "Hapa hana mtu."

Nikamsindikiza kijana kwake tena. Kamera yake nzito kama debe la maziwa. Hapana, naongeza chumvi, ilikuwa ndogo. Begi ndilo zito. Kwenye mpaka wa shamba akachuma jani refu la sale, akajikinga nalo jua. Kabla sijafungua mdomo, shangazi alishatuona.

Kwetu aliyekukosea akija na sale mkononi, ameomba msamaha. Humfukuzi, hata kama alikuchomea nyumba.

Shangazi alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukabaki hewani.

"Baba yako ndiye kakutuma?"

"Baba amefariki, shangazi."

Hilo hatukulijua. Shangazi akauweka ungo chini.

"Na hilo jani?"

"Nimelichuma tu pale. Ni zuri."

"Umelichuma tu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Basi kaomba radhi kachelewa, kama kawaida yake. Lete."

Akalipokea kwa mikono miwili. Ukimya ule wa siku ya tembo ukanishika tena. Nani alimfundisha mtoto yule? Hakuna. Mimi nilikuwepo, nasema hakuna.

Akampakulia loshoro, ndizi zile za maziwa mgando, akamwonyesha kigoda. "Kaa hapo. Baba yako alikuwa anakalia hicho."

Nikamnong'oneza, "Mjukuu, hupigi picha?"

Akatikisa kichwa, anakula. Alipomaliza akamkumbatia shangazi, begi bado limefungwa, akashuka kwa miguu kuelekea Usa River. Hakugeuka. Hajarudi tena.