Kengele ya Vifaranga wa Masaka

Mpaka leo naikumbuka, mwanangu, ile asubuhi niliyoteremka kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, huko Masaka ya Rwanda nikiwa nimekumbatia kisanduku kifuani. Ndani yake kulikuwa na bodi kama hiyo uliyoshika: ndogo, unaiunganisha na kompyuta kwa kebo, unaiandikia maagizo, kisha inayafuata yenyewe popote utakapoiweka, mradi ina umeme. Nilikuwa nimejifunza kuitumia na wenzangu kule Kimisagara, na kichwani nilishajenga roboti na geti la kujifungua lenyewe. Ujana una raha zake, bwana.

Nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu Verediana, muuguzi mstaafu. Ndiye aliyetulea kule Karagwe, ndiyo maana hata tuliporudi Rwanda, nyumbani kwetu Kiswahili hakikwisha. Alikuwa akifuga vifaranga katika kibanda cha uani, chini ya balbu ya kuwapa joto. Muda mfupi kabla ya hapo umeme ulikatika mchana yeye akiwa shambani. Aliporudi, karibu wote walikuwa wamekufa kwa baridi. Wanawe wakamwambia aache hayo mambo, auze kiwanja, akaishi nao mjini. Hakutaka. Alileta vifaranga wengine, akaapa kwamba hao ndio wa mwisho: wakifa, anauza.

"Shangazi," nikamwambia kabla hata sijakaa, "nitakutengenezea mashine. Itapima joto la kibanda, itaonyesha namba kwenye skrini, itapiga kengele, itakutumia na ujumbe kwenye simu."

"Sasa hivi inaweza nini?"

"Sasa hivi?" Nikasita. "Inawasha taa na kuizima."

Nilidhani atacheka. Akavuta kigoda, akakaa. "Nionyeshe."

Nikachomeka kile kitaa kidogo, mguu mrefu upande wa chanya, na rezista yake ya kupunguza umeme ili kisiungue. Kikawaka, kikazima, kikawaka. Shangazi alikitazama kwa makini, kama anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa.

"Yego, ndiyo," akasema. "Inakutii. Endelea."

Nami nikaendelea kwa pupa. Kihisi cha joto, skrini, kengele, kifaa cha simu, vyote nikaviunga kwa pamoja. Namba zikaanza kurukaruka. Mara kibanda kina joto la oveni, mara kina baridi ya barafu, na kengele inalia ovyo. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha na maagizo kwenye kompyuta. Mambo yakazidi kuharibika. Jua likiwa bado liko juu nikamwambia kwamba bodi imekufa.

"Oya, hapana," akasema, na sauti yake ikawa ya wodini. "Mgonjwa akizidiwa hatumbadilishii dawa zote kwa mara moja. Tutajuaje ipi inamponya na ipi inamdhuru? Kile kitaa cha asubuhi, bado kinawaka?"

"Sijajaribu."

"Basi anzia hapo. Na usiniambie kitu kimekufa kabla hujakipima."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu. Nikang'oa kila kitu, nikarudisha kitaa peke yake. Kikawaka. Bodi ilikuwa nzima! Nikaongeza kihisi tu, nikalinganisha namba zake na kipimajoto cha Shangazi. Zikaruka tena, lakini sasa pa kutafuta palikuwa mahali pamoja tu. Nikagusa nyaya mojamoja, na ule wa hasi ukanitoka mkononi. Ulikuwa umelegea tangu mwanzo. Nikauchomelea kwa waya wa risasi ulioyeyushwa, namba zikatulia. Ndipo nikaleta kengele.

"Utaiweka wapi?" akauliza.

"Kibandani, karibu na bodi."

"Kwani vifaranga ndio watakaoleta mkaa wa kujipasha joto? Iweke jikoni, niliko mimi."

Tukavuta waya mrefu mpaka jikoni. Bodi tukaipa betri ya pikipiki, maana bila hiyo, umeme ukikatika kengele nayo isingelia. Kisha akaniamuru nizime balbu kwa makusudi, tuone. Kibanda kikapoa, kengele ikalia, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Skrini na kifaa cha simu nikavirudisha kwenye kisanduku.

Wiki hiyohiyo, alasiri, mvua kubwa ilishuka. Tulikuwa jikoni tunakunywa chai, mabati yanapiga kelele hata hatusikilizani. Kwa kuwa ni mchana, hakuna aliyeona kwamba umeme umekatika. Ghafla kengele ikalia juu ya vichwa vyetu. Shangazi alisimama kabla yangu, akabeba jiko la mkaa likiwa linawaka, nami nikamfuata na gunia la kukinga upepo. Tuliwakuta vifaranga wamejikusanya kona moja, wanalia, lakini wazima. Wote! Shangazi alilowa mpaka kitenge, na alikuwa akicheka kama msichana.

Kiwanja hakikuuzwa. Majirani wakaja kuangalia, nao wakataka kengele zao, na hiyo ndiyo kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Anza na taa moja, wala usiione aibu. Atakayekucheka huyo hajui kazi inavyoanza. Ongeza kitu kimoja, kijaribu, kikikubali ndipo uongeze kingine. Kikigoma, rudi mahali pa mwisho palipokuwa pazima, na nyaya uzikague kabla hujailaumu bodi. Halafu mtafute mtu mwenye shida ya kweli, umuulize atakuwa wapi wakati kifaa chako kinamhitaji. Kazi hii unaiweza. Nimewaona wengi wakiiweza, nao hawana walichokuzidi.

Mungu akutulizie mikono, akupe subira na macho ya kuona kosa lilipo, na kila utakachokiunga kimfae mtu. Imana ikurinde, yaani Mungu akulinde, mwanangu. Haya, chomeka hiyo kebo tuone.